Mshale wa Kushuka

Nianze na hili tusipotezeane muda: mimi ni mwoga. Naogopa mbwa, naogopa ngazi ndefu, naogopa barua zenye mihuri, na ingawa kazi yangu ni fundi friji na nimeshika nyaya miaka thelathini, kila nikichomoa plagi naiangalia mara tatu kama kweli imechomoka. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waliosema hivyo waje kwangu waone. Kwangu mwoga ni mimi, na kilio kilitaka kuingia kupitia mlango huohuo wa woga wangu.

Hii ni habari ya koo la mke wangu, na jinsi nilivyokaribia kulipoteza kwa kidole kimoja.

Mke wangu watu wote wanamjua na hakuna anayemjua. Ni yule anayetangaza mabasi kituo kikuu. Kibanda chake kiko juu ya vyoo, kina dirisha dogo, feni moja na maiki iliyofungwa kwa utepe mweusi, na humo ndani amekaa miaka ishirini na moja akiwaambia watu waende wapi. "Abiria wa saa nne, mlango namba saba. Na wewe bwana uliyelala juu ya mzigo wa mwenzako, amka, basi lako ndilo hilo linaondoka." Wapakia mizigo walimwita Spika, jina likamfuata mpaka nyumbani. Sokoni wanampita tu kama mama yeyote, mpaka aulize bei ya vitunguu. Hapo muuzaji anainua kichwa: "Ala! Kumbe ni wewe!" Mke wangu hasemi kwamba anapenda, lakini siku hiyo hurudi na vitu ambavyo hatukuvihitaji.

Hana simile huyu mwanamke. Ukimchokoza anakujibu mpaka ujute kuzaliwa na masikio.

Kabla ya mabasi alikuwa mwimbaji. Tulikuwa bendi ya watu watano, tukipiga roki ya kizamani ya ng'ambo katika hoteli moja karibu na reli, miaka sita. Mimi nilipiga besi, nyuma kabisa, karibu na pazia, mahali pazuri kwa mtu kama mimi. Yeye alikuwa mbele. Tulifunga shughuli kwa wimbo ambao sisi wenyewe tuliuita wimbo wa taa, kwa sababu unamsihi mtu asizime taa. Mwishoni mwimbaji anaita mara nne, kila wito juu kuliko uliopita. Kati ya wito wa tatu na wa nne ngoma hupiga peke yake kidogo, halafu inakuja ile sauti ya nne. Ikija, hata wahudumu walisimama na sinia mkononi. Mimi nilimwoa kwa sababu ya wito wa nne. Yeye anasema alikubali kwa kunihurumia.

Bendi ikafa kama zinavyokufa bendi. Mpiga ngoma alifariki, mpiga gitaa akahamia ng'ambo, na mpiga kinanda, ambaye mpaka leo tunamwita Kinanda, alipata kazi ya kukagua mizigo bandari ya mbali. Nyimbo zikabaki vichwani mwetu, zikipata vumbi.

Miaka minne iliyopita binti yetu, aliyeolewa mji mwingine, alikuja likizo akaniwekea programu kwenye kompyuta yangu kuukuu. Programu yenyewe ni bendi nzima. Unaona vijumba vimepangwa kwenye kioo kama sakafu ya vigae. Katika kila kijumba unaandika herufi ya sauti ambayo gitaa lingepiga, A, D, E, kisha unachagua mtindo, "roki ya kizamani, nzito" au "roki ya kizamani, ya taratibu", unabonyeza, na vijana waliomo humo ndani wanaanza kupiga ngoma, besi, gitaa, kinanda. Nikawaita bendi ya sanduku. Hawali, hawalewi, hawachelewi, hawagombanii wanawake. Nikasema, lo, kumbe tulikuwa tunateseka bure.

Lakini kuurudisha wimbo kama ulivyokuwa si mchezo. Wimbo wa taa ulinila miezi mitano. Kijana wa ngoma wa sandukuni alikuwa nadhifu mno. Marehemu wetu, pale anapopiga peke yake, siku zote aliingia mapema kidogo, kwa sababu alikuwa na njaa na alitaka tumalize. Ilibidi nimsogeze yule kijana mbele kwa unywele, nisikilize, nimrudishe, nimsogeze tena. Siku nilipopata, mke wangu alikuwa anaanua nguo uani. Akaja mlangoni na nguo begani, akasimama, macho yamemjaa machozi. "Huyo ni yeye," akasema. "Huyo ana njaa."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba, katikati ya friji zisizo na milango. Nilibandika vipande vya godoro ukutani, maiki nikaining'iniza kwenye rafu ya friji. Yeye alikaa juu ya kreti la soda, akavaa hedifoni, akaimba. Tulirudisha nyimbo kumi na nne. Na kila Jumamosi, hata iweje, tulimalizia na taa.

Sasa lije jambo lenyewe.

Jumamosi moja, ametoka kuugua mafua, alifika wito wa nne sauti ikapasuka. Kidogo tu. Mwingine angecheka aendelee. Yeye alivua hedifoni taratibu, akaiweka juu ya friji, akasema, "Leo nimechoka." Akatoka. Ningefurahi kama angetukana, matusi yake nimeyazoea. Ule upole ndio ulionikausha damu. Na uso wake! Sijawahi kuuona ule uso. Wiki nzima hakuimba hata akiosha vyombo.

Katika ile programu kuna mishale miwili, wa kupanda na wa kushuka. Ukibonyeza wa kushuka mara moja, bendi nzima inashuka kidogo, wote pamoja. Mwimbaji, kwa kuwa hufuata bendi, anashuka nao bila kujua, na ule wito wa nne unakuja chini, karibu na mkono wake. Jumamosi iliyofuata, kabla hajaingia, nikabonyeza. Mara moja tu. Kila friji inayoingia kwangu naiandikia karatasi, ndiyo tabia yangu, basi na faili nililipa jina: TAA 1. Lile la asili lilikuwa TAA 0.

Akaupata wito wa nne. Akaupata wote, safi. Akaruka kutoka kwenye kreti. "Umesikia wewe? Wanaotaka kunistaafisha wasubiri!" Nikapiga makofi. Yalikuwa makofi ya dhati kabisa, na mpaka leo yananiwasha viganja.

Baada ya miezi minne ikapasuka tena. Nikawahi, nikashusha. TAA 2. Kisha TAA 3. Asubuhi alianza kusafisha koo kwa muda mrefu, anakohoa kikohozi kikavu. "Vumbi la kituo," anasema. "Na moshi wa mabasi," namalizia mimi, haraka kuliko yeye. Nilikuwa najua? Ndiyo na hapana. Nilijua kama unavyojua kuna nyoka chini ya mbao, ukaamua kutoinua mbao.

Na mjue mimi ni fundi ambaye kompresa ya mtu ikiumwa naisikia nikiwa getini. Kuna jirani mmoja mwenye duka la vinywaji, friji yake ilipoacha kugandisha alikuwa anazungusha kile kitufe cha baridi, kutoka namba mbili kwenda tatu, tano, mpaka saba. Nilipoitwa, mashine ilikuwa imekufa. Nikamfokea mbele ya wateja. "Mama, kwa nini hukuniita ilipokuwa namba mbili? Unazungusha kitufe badala ya kutafuta ugonjwa?" Hayo niliyasema Jumamosi asubuhi. Alasiri yake nikaitoa TAA 4, nikaweka TAA 5.

Miezi ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu ule mpasuko wa kwanza.

Ndipo Kinanda akarudi. Alikuwa amestaafu, mvi kichwa kizima, kinanda chake kwapani kama mkate. Mke wangu alimkumbatia mpaka miwani ikamtoka.

"Shemeji, wito wa nne bado unao?"

"Keti hapo uone. Kijana wa miaka ishirini haupati."

Mimi nikatafuta sababu ya kutoiwasha kompyuta, umeme mdogo, sijui nini, hakuna aliyenisikiliza. Kinanda akachomeka chake, akaweka vidole palepale alipoviweka miaka thelathini iliyopita. Bendi ya sanduku ikaanza, naye akaanza, na karakana ikajaa kelele za ugomvi. Akainua mikono.

"Simamisha. Kaka, huu wimbo tulikuwa tunaupigia A. Hii ni E. Nani kaushusha shimoni namna hii?"

"Kushusha nini?" akauliza mke wangu.

Nikawahi mimi. "Labda programu imejibadilisha yenyewe. Si mnajua hizi kompyuta."

Kinanda akanitazama. Ni mtu mpole, akarudi kwenye kinanda chake.

"Basi rudisha pale pa zamani," mke wangu akasema. "Kelele za nini?"

Nikafungua TAA 0. Ndugu yangu, nilikosa kitufe mara mbili. Akaimba. Wito wa kwanza ulitoka na mikwaruzo. Wa pili ulikuwa nusu sauti nusu upepo. Wa tatu upepo mtupu. Ngoma ikapiga peke yake, na njaa yake ileile, akajaza kifua, akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikasimama, na hakikutoka kitu. Hakuna. Mdomo wazi na kimya. Na wale vijana wa sandukuni, kwa kuwa hawana macho, waliendelea kupiga mpaka mwisho wa wimbo, wakamaliza vizuri kabisa.

"Shemeji," Kinanda akasema polepole, "umekwenda hospitali?"

Mke wangu alikuwa ananitazama mimi. Siku ile wala kesho yake hakusema nami neno. Nilitembea ndani ya nyumba yangu kama mwizi.

Jumatatu tulikaa mbele ya daktari wa masikio, pua na koo, dada mmoja kijana mwenye saa kubwa ya mkononi. Mke wangu hakunikataza kumfuata, wala hakunikaribisha.

"Sauti ilianza kubadilika lini, mama?"

"Wiki tatu hivi. Vumbi la kazini."

Daktari akainamisha kichwa, akaanza kuandika. Niliiona ile kalamu. Iliandika "wiki", ikaanza kuandika "tatu". Umeme umenipiga mara nne maishani, mara moja ukanirusha mpaka mlangoni, lakini hofu kama ya kuitazama kalamu ile sijawahi kuiona. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote yalinitisha: mke wangu ajue, au daktari asijue. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunaambiwa. Anayemfichia mwenzake sijui humfanyaje.

"Si wiki tatu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya. "Ni miezi ishirini na miwili."

Nikatoa karatasi mfuko wa shati. Nilikuwa nimenakili majina ya mafaili yote, kutoka TAA 0 mpaka TAA 5, kila moja na tarehe niliyoshusha. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, nikamaliza kwa kusema ni kosa langu kabla hata sijafika kwenye kosa lenyewe. Daktari akasoma. Mke wangu akanyoosha mkono, akaichukua, akasoma naye, kidole kikipita tarehe moja baada ya nyingine.

"Tano?"

"Tano."

"Na kila mara nilikuwa naruka kwa furaha."

"Ndiyo."

"Na wewe ukapiga makofi."

Nikavificha viganja chini ya mapaja.

"Mtagombana nyumbani," daktari akasema, akachukua tena karatasi yake. "Hii nitaiweka kwenye faili. Wagonjwa wangu wote huniambia 'tangu juzi'. Kwa wiki tatu, mama, ningekuandikia dawa ya kikohozi na kukwambia urudi mwezi ujao. Kwa miezi ishirini na miwili, nakuangalia sasa hivi."

Akapitisha kamera nyembamba puani mwake. Kwenye kioo nikaziona nyuzi za sauti za mke wangu, mbili, nyeupe. Hizo ndizo zilizonifanya nimwoe. Moja ilikuwa laini. Nyingine ilikuwa na kitu kimeng'ang'ania pembeni, kama punje ya wali iliyogandia sufuria.

Alhamisi wakamlaza, wakakata kipande, kikapelekwa maabara. Majibu siku kumi. Na daktari akatoa amri: mpaka majibu yaje, asiseme neno, hata kunong'ona.

Mke wangu, asiseme neno. Siku kumi.

Nilidhani najua kuogopa. Nyumba ikawa kimya hata nikasikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kwamba inafanya kazi. Alikuwa na bunda la vishina vya tiketi za mabasi, akiandika nyuma yake: "Chumvi." "Funga mlango." "Usinitazame hivyo." Kituoni niliwapelekea barua ya ruhusa, na mpakia mizigo mmoja akanishika mkono. "Fundi, Spika yuko wapi? Huyu waliyemweka anatangaza kama anasoma risala ya msiba. Jana watu kumi wamepanda basi silo." Nikamwambia ana mafua. Nikatoka pale nikitweta.

Siku ya nne binti yetu akapiga simu. "Mama mbona hapokei?" Nikafungua mdomo niseme yuko kazini, na kofi likatua mezani, paa! vikombe vikaruka. Kishina kikasukumwa mbele yangu: "MWAMBIE UKWELI." Nikamwambia. Alilia huko, na mimi nikalia huku, na mke wangu akatutazama kwa hasira kama watu tunaomchelewesha.

Jioni yake, tumekaa jikoni, akaandika: "Ulikuwa unaogopa nini?"

"Uso wako," nikasema. "Ile siku ya kwanza. Sikutaka kuuona tena."

Akaandika kwa muda mrefu. Vishina vinne. Akavipanga mezani kimoja kimoja, kama mtu anayegawa karata.

"Kila asubuhi nilihisi kitu kooni."

"Nikaogopa. Sikukwambia. Wewe ni mwoga."

"Jumamosi nikawa najipima kwa wito wa nne. Nikiupata najiambia, hamna kitu."

"Kipimo changu kilikuwa wewe."

Jamani. Nimefiwa na wazazi wote wawili, lakini sijaumia kama nilivyoumia juu ya ile meza. Nilikuwa nadhani nimemfichia mtu asiyejua. Kumbe alijua, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia kila wiki kwamba hamna kitu. Nikataka kusema nisamehe, akaweka kidole chake mdomoni mwangu. Si kwa mapenzi. Alitaka ninyamaze, na mimi nionje.

Siku ya kumi daktari alifunga mlango wa chumba kabla ya kukaa.

"Ni saratani," akasema. "Lakini nisikilizeni mpaka mwisho. Bado changa. Iko kwenye uzi mmoja, haijatoka hapo. Tutaichoma kwa mionzi, wiki sita, kila siku ya kazi. Ikikamatwa hapa, wengi wanapona. Mngekuja mwakani, tungekuwa na mazungumzo mengine."

Mke wangu akaandika kwenye kishina, akamsogezea: "Nitaimba?"

"Utazungumza. Kuimba siwezi kukuahidi, mama."

Akakichukua kishina chake, akakikunja, akakitia mkobani.

Wiki sita nilimpeleka na kumrudisha. Ngozi ya shingo ilibabuka, chakula kikawa miba, sauti ikapotea kabisa, na alipokuwa hawezi kula mimi nilikula chakula changu nikiwa nimesimama uani, ili asinione. Ikaja siku akasema neno la kwanza. Lilikuwa "Sogea", nilikuwa nimemzibia mwanga. Lilitoka zito, lenye mchanga, kama mlango unaoburuzwa sakafuni. Nilisogea huku nacheka kama mwehu.

Alirudi kibandani kwake. Siku ya kwanza nilisimama chini, kando ya foleni, nikisikiliza. Abiria mmoja akamwambia mwenzake, "Siku hizi wameweka mwanaume." Sijui alisikiaje kule juu, labda dirisha lilikuwa wazi. Spika ikakoroma: "Na mwanaume huyo anawataarifu ninyi wawili wenye begi jekundu kwamba basi lenu linawasha injini mlango namba tatu." Wapakia mizigo walipiga miluzi. Mimi nilikwenda nyuma ya vyoo nikajifuta macho.

Sasa kuna sheria mbili. Ya kwanza ni ya daktari: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunarekodi wimbo wa taa, mahali palepale, bila kubadilisha, na kumpelekea asikilize pamoja na kamera yake. Tulianzia TAA 8, ndipo sauti yake mpya ilipofika bila kuumia. Ya pili ni ya mke wangu: hakuna anayegusa mshale bila kutamka namba kwa sauti.

Mnadhani hofu iliisha? Iliongezeka. Zamani niliogopa uso. Sasa kila mwezi naogopa sauti yenyewe, kila mkwaruzo, kila pumzi. Daktari anasema mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo ya kuangalia sana. Hiyo ni miezi ishirini na minne. Nilimshushia ishirini na miwili bila kuhesabu. Hii naihesabu yote.

Jumamosi iliyopita ulikuwa mwezi wa tano. Kinanda alikuja, akakaa pembeni na kinanda chake. Mke wangu akaimba TAA 8 mpaka mwisho, miito yote minne, ya chini, mizito. Nikahifadhi. Nilikuwa nataka kuzima nikapumue.

"Usizime," akasema. Hakuvua hedifoni. Alikuwa ameshika koo kwa vidole viwili.

Nikajua. Nikajiambia, haya, imerudi. Anataka kuniambia nishushe. Nikamwona Kinanda naye amesimamisha mikono hewani.

"Hapa ni chini mno," akasema. "Nachubuka magoti. Pandisha."

"Daktari amesema tusiguse."

"Ya daktari imeshaingia. Hii ni yangu."

"Na ukishindwa?"

"Nitashindwa huku najua. Koo ni langu, Fundi. Sema namba."

Mshale wa kupanda, katika miaka minne, sikuwahi kuugusa hata siku moja. Nikabonyeza. "Saba," nikasema.

"Sikusikia."

"Saba!" Nikapiga ukelele hata mbwa wa jirani akabweka.

Vijana wakaanza. Wito wa kwanza akaupata. Wa pili ulikuja na mchanga wake, akaupata. Wa tatu uliyumba, ukayumba, ukasimama. Ngoma ikaingia peke yake, mapema kwa unywele, na mimi nikafumba macho kama nilivyozoea.

Kikanipata kiatu kwenye ugoko.

"Fungua macho," akasema mke wangu.

Nikayafungua. Nikamtazama usoni, naogopa mpaka meno yanagongana, naye akajaza kifua, na safari hii sikuangalia pembeni mpaka wimbo ulipokwisha.